Jiko la moshi la kuni Lubumbashi: dalili, chanzo na la kufanya

Jiko linalozungumzwa hapa ni lile lenye sanduku la moto pembeni. Kuni zinawaka upande mmoja, joto na moshi vinapenya kwenye tundu la katikati, vinapita juu ya nyama, kisha vinatokea kwenye bomba upande wa pili. Fundi wa kuchomelea wa Katuba au Kenya, komini za hapa mjini, analiunda kwa pipa la lita 200 au kwa kipande cha bomba nene la chuma, na likiundwa vizuri halina cha kuonea wivu lile la kuagiza nje. Shida huanza kwa mtu aliyezoea michopo, yaani nyama ya kuchoma. Anajua makala (mkaa), anajua kugeuza nyama, basi anadhani kazi ni ileile. Kwenye makala moto unakaa chini ya nyama. Hapa nyama inaivishwa na hewa ya moto inayotembea, na hewa hiyo ikikwama popote, nyama ndiyo inayolipa. Ndiyo maana dalili nyingi hapa chini, ukizifuata hadi mwisho, zinakurudisha kwenye hewa.

Kabla ya kuhangaika na lolote, kagua vitu vitatu: kifuniko cha bomba kiwe wazi kabisa, majivu yasiwe yamegusa wavu wa kuni, na kipimajoto kiwe kinasema kweli.

Moshi mweupe mzito, nyama inatoka chungu

Hili ndilo lalamiko la kwanza, tena ndilo linaloharibu nyama nyingi zaidi. Moshi unaofaa unaonekana kwa shida: bluu hafifu mdomoni mwa bomba, au mtikisiko wa hewa ya moto tu. Moshi mweupe wa robo saa ya mwanzo ni wa kawaida, maana chuma bado ni baridi. Nyama isiwe ndani wakati huo. Ukiendelea baada ya hapo, au ukiwa wa manjano au kijivu, gesi za kuni zinatoka bila kuwaka. Zinaganda juu ya nyama kama lami nyembamba, na ulimi unakufa ganzi kidogo ukionja.

Chanzo cha kwanza ni kuni mbichi. Ukuni wenye maji mengi unatumia joto lake kuyachemsha kabla ya kuwaka, moto unapoa, gesi hazishiki. Kuni za jiko hili zinatakiwa kuwa na unyevu chini ya asilimia 20. Huna kipimo? Gonga kuni mbili: kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa mlio mzito uliokufa. Angalia vichwa vyake, viwe na nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na ganda libanduke kwa vidole. Ukitaka uhakika, pima ukuni mmoja kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Ukiacha kupungua uzito, umefikia ukavu ambao hewa ya hapo inaweza kuupa.

Kalenda ya Lubumbashi inasaidia sana hapa. Mvua zinakatika mwezi wa nne, na kiangazi kinakwenda hadi mwezi wa kumi kukaribia. Kuni zilizopasuliwa mwezi wa tano, zikapangwa juu ya mawe au vyuma ili zisiguse ardhi, mwezi wa tisa zinafaa. Gogo zima lisilopasuliwa halikauki kwa muda huo hata likiachwa juani kutwa. Mvua zikianza, weka bati juu ya rundo na acha pembeni wazi. Kulifunga turubai pande zote ni kulipikia ukungu.

Chanzo cha pili kinafanana na busara. Joto limepanda, mtu anabana mlango wa hewa. Likipanda tena, anabana na bomba. Kipimajoto kinatulia, mwenye jiko anafurahi, na ndani moto umekuwa wa kufukiza. Bomba la moshi halibanwi wakati nyama imo ndani. Joto linapunguzwa kwa kuwasha moto mdogo, si kwa kuunyima pumzi moto mkubwa.

Cha tatu ni ukubwa wa kuni. Kwa jiko la pipa, ukuni uwe na urefu wa sentimita 30 hivi na unene wa sentimita 5 hadi 7. Kuni nene za kuivishia tofali hazina nafasi hapa. Ukuni unaofuata uweke juu ya sanduku la moto, upate joto kwa dakika 20 kabla ya kuingia. Ukiutupa ndani ukiwa wa moto, unashika kwa sekunde chache badala ya kufuka kwa dakika tano. Na ukiuingiza, acha mlango wa sanduku wazi kidogo mpaka uwake pande zote.

Cha nne ni makala yenye vijinga, yaani vipande ambavyo tanuri halikuvimaliza, bado vina rangi ya kahawia na nyuzi za mti. Vinatoa moshi mkali kuliko ukuni wenyewe. Vichague kabla. Na makala yasiyowaka usiyamwage juu ya moto nyama ikiwa ndani: yawashe pembeni kwenye mbabula (jiko dogo la makala) mpaka yashike majivu meupe, ndipo uyahamishe.

Aina ya mti inakuja mwisho, ingawa watu huanza nayo. Muputu na mutondo, miti ileile ya miombo inayochomwa makala, ni kuni nzuri za kubeba joto: zinawaka kwa nguvu na kuacha kaa linalodumu. Mpera, mchungwa na mlimao kavu zinatoa moshi mwepesi, na kwa kuku na samaki mpera unaizidi miti yote ya msitu. Acha mkaratusi na msonobari, mafuta na utomvu wake unaingia kwenye nyama. Acha kabisa mbao zenye rangi, mbao zilizotiwa dawa, na mapaleti ambayo hujui yamebeba nini.

Ikiwa moshi umeharibika na nyama imo ndani: fungua mlango wa hewa wote na mlango wa sanduku, toa kwa koleo ule ukuni unaofuka, weka mmoja mwembamba mkavu juu ya makaa, subiri mwali. Masizi yaliyokaa juu ya nyama yanafutika kwa kitambaa kilicholowa maji na siki kidogo. Uchungu ulioshika ganda hautoki. Likate, la ndani bado linaliwa.

Joto halipandi, au moto unakufa kila ukiongeza ukuni

Jiko limekwama kwenye nyuzi 90 wakati unataka 110 hadi 135. Fungua sanduku utazame makaa. Kama tandiko la makaa ni jembamba kuliko sentimita 5, ukuni mpya hauna kitu cha kuuwasha. Anza na kilo 2 hadi 3 za makala yaliyoshika vizuri, ongeza kuni mbili, acha jiko tupu lipate moto kwa dakika 45 hadi saa moja. Baadaye ni ukuni mmoja kila dakika 30 hadi 45. Ukisubiri mpaka mwali uzime kabisa ndipo uongeze, umechelewa.

Kama makaa ni mengi lakini yamelala, tazama chini ya wavu. Panatakiwa nafasi ya sentimita 7 hadi 10 ili hewa ipite kwa chini. Mafundi wengine huweka wavu karibu mno na sakafu. Baada ya saa tatu majivu yanaujaza na moto unazibwa koo. Inua wavu kwa vipande vya pembe ya chuma, na kwa upishi mrefu vuta majivu kwa fito kila baada ya saa mbili au tatu.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo michoro ya kuiga haikwambii. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Mlango wa hewa uliotosha kwenye mchoro wa Marekani unaweza kuwa mdogo hapa. Kwa pipa la lita 200, tundu la hewa la sentimita za mraba 80 ndilo la chini kabisa. Mwambie fundi akate la 150, aweke kifuniko cha kuteleza. Kupunguza ni rahisi kuliko kukata upya.

Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri yenye chini ya nyuzi 10, pipa la bati jembamba linapoteza joto kwa kasi ambayo moto mdogo hauwezi kuifidia. Simamisha bati kama ukuta upande wa upepo, sentimita 50 kutoka kwenye jiko, na tenga kuni theluthi zaidi. Blanketi juu ya jiko ni kutafuta moto wa pili.

Joto linapaa na kukataa kushuka

Kwanza jiulize kama ni tatizo kweli. Kupanda na kushuka kwa nyuzi 15 kila ukiongeza ukuni ni mwendo wa kawaida wa jiko hili. Mwenye kulifukuzia kila nyuzi moja anaishia kubana hewa, na tunajua inakoishia.

Likivuka 150 na kukaa huko, umeweka kuni nyingi. Toa mmoja kwa koleo, uweke kwenye mchanga, usubiri. Kama moto ni mdogo na joto bado linapaa, tafuta upepo. Kiangazi upepo unatoka kusini-mashariki, na mwezi wa nane una nguvu. Mlango wa hewa ukielekea huko, upepo unaupuliza moto kama mivukuto ya mhunzi. Mdomo wa bomba ukielekezwa huko, moshi unarudishwa ndani. Geuza jiko lipigwe ubavuni.

Sababu ya tatu ni mlango wa sanduku usiokaa sawa: hewa inaingia kwenye ufa bila idhini yako. Usiku, ukizima taa, mwanga wa moto utakuonyesha ufa wote ulipo.

Upande wa moto unaungua, upande wa bomba haujaiva

Tofauti ya nyuzi 15 hadi 30 kati ya ncha mbili ni ya kuzaliwa nayo. Ikifika 50, joto linaruka kutoka kwenye tundu na kupiga nyama moja kwa moja.

Ipime kwa mkate. Pandisha jiko tupu hadi 160, panga vipande vya mkate kwenye wavu mzima, funga kwa dakika 12. Ukifungua utaona ramani: vyeusi karibu na tundu, kahawia katikati, vyeupe pembeni, pengine na kimoja cheusi peke yake mahali usipotarajia, labda chini ya ufa wa mlango. Piga picha uitunze, ndiyo itakayokwambia bega likae wapi na kuku akae wapi.

Dawa ya kudumu ni bamba la chuma la milimita 3 au 4, lililofungwa juu ya tundu na kuinamia chini, likifunika sentimita 25 hadi 30 za mwanzo. Lifungwe kwa bolti, lisichomelewe, maana utataka kulisogeza. Sinia ya maji chini ya wavu upande wa moto inasaidia pia, ila inakula kuni. Bila vyote hivyo, elekeza upande mnene wenye mafuta kwenye moto na zungusha nyama mara moja katikati ya safari.

Moshi unatoka mlangoni badala ya bombani

Washa jiko, sogeza karatasi inayofuka kwenye mlango wa hewa. Moshi wake ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi na tatizo ni mlango. Ukisitasita au kurudi nyuma, bomba halivuti.

Bomba lisilovuta mara nyingi ni fupi au jembamba. Kwa pipa la lita 200 linafaa lenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 12 na urefu wa 70 hadi 90, likianzia usawa wa wavu wa nyama. Likianzia kileleni mwa pipa, joto linapaa na kutoka juu kwa juu bila kuigusa nyama. Vipimo vingine vya kumpa fundi: sanduku la moto liwe karibu theluthi ya chumba cha nyama (40 kwa 40 kwa 40 ni lita 64, inatosha), na tundu kati yao liwe na sentimita za mraba 300 hivi, kwa mfano 30 kwa 10. Jiko la zamani lililovuta vizuri kisha likaacha lina masizi au kiota ndani ya bomba. Pitisha brashi ya waya.

Mlango unaovuja unahitaji kwanza kufuli ya kuubana, kabla ya kuuziba. Silikoni nyekundu ya injini inafaa mlango wa chumba cha nyama tu. Kwenye sanduku la moto itaungua na kunuka. Huko tumia kamba ya nyuzi za glasi ya majiko na boila. Kwa leo, ukanda wa foili uliokunjwa mara nne unatosha.

Mvua ikikukuta katikati ya kazi, simamisha bati juu ya jiko kwa mbali. Usilisogeze kwenye gereji au baraza iliyofungwa: kaboni monoksidi haina harufu, na makaa yanaitoa hata moshi ukiwa hauonekani.

Kipimajoto kinasema 120, nyama inasema vingine

Kile cha mlangoni kinapima hewa ya juu ya chumba, na kinaweza kupishana na usawa wa wavu kwa nyuzi 20 au 30. Weka kingine juu ya wavu, sentimita 5 kutoka kwenye nyama. Kukijaribu, kichovye kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Lubumbashi maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Anayerekebisha kipimajoto chake mpaka kisome 100 amekiharibu kwa mkono wake.

Nambari hiyohiyo inahusu nyama. Mapishi ya kutoka nje yanakwambia bega la nguruwe litolewe likifika 95 au 96 ndani. Hapa hiyo ni nukta ya mchemko; nyama inaweza kukaribia hapo na kukataa kusogea huku inakauka. Anza kuchoma sindano kuanzia 90. Ikiingia bila ukinzani, imeiva, hata kama namba haijafika.

Nyama imekwama kwenye nyuzi 68 saa tatu nzima

Hakuna kilichoharibika. Kati ya 65 na 75 maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza kwa kasi ileile moto unavyoipasha. Kiangazi hewa ni kavu mno, kwa hiyo mkwamo unaweza kuwa mrefu kuliko wakati wa mvua. Usiongeze moto. Ganda likishika rangi ya kahawia iliyoiva, funga nyama kwa foili, au kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa juu ya moto yakalegea, tabaka mbili. Bega la nguruwe la kilo 4 kwenye nyuzi 120 lichukulie saa 8 hadi 10, kisha lipumzike saa moja likiwa limefungwa. Wageni wa saa saba mchana wanakudai moto wa usiku.

Mbuzi ana tabia nyingine. Hana mafuta ya katikati ya nyama, na aliyekomaa anakuwa mgumu na mkavu kwa pamoja ukimtendea kama nguruwe. Paka paja chumvi gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo tangu jana yake, lifunike kwa utando wa mafuta ya tumbo lake mwenyewe, lipe moshi saa mbili na nusu tu, kisha lifunge na kikombe cha mchuzi mpaka 90. Kidari cha ng'ombe aliyekulia majani ni chembamba na hakina mafuta ya kutosha. Nacho kifungwe mapema. Nyama ya nguruwe isitoke kabla ya 71 hata kidogo, kwa sababu ya tegu, minyoo ya nguruwe.

Kuku mwenye ngozi kama mpira amepikwa polepole mno. Mpe 150 hadi 165 na umtoe paja likisoma 74 au zaidi.

Mwali ndani ya chumba cha nyama

Hayo ni mafuta yaliyojikusanya sakafuni. Funga mlango wa hewa, funga bomba (hapa ndipo linapofungwa), usifungue chumba kwa dakika 10. Maji juu ya mafuta yanayowaka yanarusha moto usoni mwako. Baadaye toboa tundu la kutolea mafuta upande wa chini kabisa, uegemeze jiko kidogo kuelekea huko, na kwangua sakafu kila baada ya upishi wa nguruwe.

Kutu, rangi na chuma kinacholika

Majivu yanavuta unyevu na yakilowa yanakula chuma. Wakati wa mvua sanduku lisilale na majivu hata usiku mmoja. Pipa jembamba linaweza kutoboka sakafu ndani ya msimu. Nyavu na ndani ya chumba paka mafuta ya kula kwa tabaka jembamba, uchome kwa saa mbili hadi yageuke meusi na makavu. Rangi ya nje ya sanduku itabanduka hata uilipie ghali. Sugua kwa brashi ya waya, pitisha mafuta chuma kikiwa vuguvugu, basi.

Ukinunua jiko jipya, muulize fundi pipa lilibeba nini. Lililobeba kemikali za migodini au dawa za mashamba halisafishiki kwa kulichoma moto. Bati la zinki nalo lisitumike popote karibu na moto, linatoa mvuke wenye sumu. Kwa sanduku la moto dai chuma cha milimita 4 hadi 6. Kama bei haikuruhusu, chukua chembamba, tandaza tofali za kuchoma sakafuni, na panga kulibadilisha sanduku peke yake: mwombe fundi alifunge kwenye pipa kwa bolti nane badala ya kulichomelea.